Kichupa cha Kirumi na Ardhi Kilimolala

Ashikaye kichupa cha Kirumi kwa mara ya kwanza hustaajabia wepesi wake. Kina umri unaokaribia miaka 2,000, nacho ni chembamba mithili ya ganda la yai.

Asili ya ufundi huo ni Sham. Hapo kale kioo kilifinyangwa polepole kuzunguka kiini cha udongo, au kikaundwa kwa kalibu, na wenye nacho walikuwa matajiri. Katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), mafundi wa pwani ya Sham na Palestina walianza kukipuliza kwa bomba kikiwa bado kimeyeyuka; mabaki ya kazi hiyo yamefukuliwa Baitul Maqdis. Chini ya dola ya Rumi ufundi ukafika Italia na hata Cologne, na bilauri ikaingia nyumba za watu wa kawaida.

Wakusanyaji hupenda zaidi zile rangi za upinde wa mvua zinazometameta juu ya kioo. Fundi hakuzitia. Kioo hicho kilikuwa mchanga uliochanganywa na magadi ya Misri. Unyevu wa ardhini uliyala magadi taratibu, yakabaki matabaka membamba yanayoichezesha nuru. Basi uzuri huo wenyewe ni ushahidi kwamba chombo kililala ardhini, na vilivyosalimika vizima, vingi vilikuwa makaburini. Wachuuzi huviita vichupa vya machozi ya wafiwa. Hiyo ni hadithi ya kuuzia tu. Vilikuwa vya mafuta na manukato.

Wako watakaosema hii ni rikazi, mali ya Jahiliya iliyozikwa, halali kwa aliyeiokota. Hatukubaliani nao. Mafakihi waliiwekea rikazi masharti, na ardhi yenye mwenyewe ina hukumu nyingine. Huko Apamea, Syria, picha za setilaiti zilionyesha mji wa kale uliotobolewa mashimo kila upande wakati wa vita. Huo ni wizi wa mali ya umma. Mwaka 2015 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2199, lilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale yaliyotolewa Syria kinyume cha sheria tangu Machi 2011.

Vyombo vya kioo havimo katika katazo la vyombo vya dhahabu na fedha, na kuvipenda si kosa. Lakini vichupa hivi sasa huuzwa mitandaoni kwa bei ambayo familia nyingi zaimudu. Anayetaka kununua na adai hati inayoonyesha kilitoka nchi gani na mwaka gani. Maneno “mali ya mkusanyaji wa zamani wa Ulaya”, bila jina wala tarehe, si hati.