Je, Wajua? Programu ya zamani inaweza kufunguka kwenye Windows mpya

Epi Info, programu ya bure ya takwimu za magonjwa kutoka CDC ya Marekani, ilianza mwaka 1985 kwenye DOS. Leo Windows ya biti 64 haifungui programu za biti 16 za enzi hiyo, kwa kuwa sehemu iliyoziendesha haimo tena. Njia ipo: DOSBox, nayo ya bure, huigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya.

Ituri, mkoa wa mashariki mwa DR Kongo uliopigwa na Ebola ya 2018–2020, unajua thamani ya kumbukumbu za afya, hata zilizo kwenye programu za zamani. Ndugu wa Bunia huko Ituri, kabla ya kubadili mashine, nakili faili zako mahali pawili, ujaribu kwenye nakala, kisha uhamishie data kwenye faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), inayosomwa na programu nyingi.