‘Chotara’ wa virusi vya Ukimwi na funzo lake
Makala ya leo yanaangazia neno ‘chotara’, yaani kizazi cha asili mbili, katika mjadala wa virusi vya Ukimwi. Nimewahi kusikia wenzi wakisema, “Sisi wote tuko na virusi, kondomu ni za nini?” Je, hoja hiyo ina mashiko?

Virusi vya HIV-1 vilivyoenea zaidi duniani ni vya kundi M, lenye tanzu kadhaa. Nchini Kenya, utanzu A ndio uliotamalaki, ingawa C na D pia zipo. Tanzu zote huingia kwa mlango mmoja: protini ya kirusi, gp120, hushika kipokezi cha seli kiitwacho CD4, kisha CCR5 au CXCR4, ndipo kirusi huungana na seli.

Sasa, tanzu mbili zikikutana ndani ya seli moja, jeni zao huweza kuchanganyika. Hapo ndipo huzaliwa virusi chotara, mathalani vya A na D, ambavyo vimepatikana hapa kwetu. Kuwepo kwavyo ni ushahidi kuwa mtu anaweza kuambukizwa mara mbili, na kirusi cha pili huenda kikaja na usugu wa dawa.

Anayemeza ARV ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Asiyefika hapo ajue hivi: ‘kuwa na virusi’ si ‘kuwa na virusi sawa’.