Uteuzi wa Majarida katika Maktaba ya Chuo: Mfano wa Bukavu

Kitabu hununuliwa mara moja, lakini jarida hudai ada kila mwaka. Hivyo, kabla ya kuagiza, mkutubi hana budi kujiuliza kama ataweza kuliendeleza, kwani mfululizo wenye mapengo humkwamisha mtafiti.

Huko Bukavu, nafasi ya kwanza yastahili Cahiers du CERUKI, jarida la utafiti lenye makao katika Chuo cha Ualimu (ISP). Majarida ya Ulaya huhifadhiwa kwingi. La nyumbani likipotea, nani atalirudisha? Tena, nakala zake zaweza kubadilishwa kwa majarida ya vyuo vingine bila fedha.

Majina nayo yafuatiliwe. Jarida liitwalo Kiswahili, la Dar es Salaam, lilianza mwaka 1930 kwa jina jingine. Orodha isipoyaunganisha majina hayo, msomaji hukosa nusu ya historia.