Fahamu: Eksosomu, vifuko vya damuni vinavyoweza kufichua kisukari mapema
Karibu kila seli hutoa vifuko vidogo mno, vya nanomita 30 hadi 150 hivi, viitwavyo eksosomu. Vimebeba protini, mafuta na maikro-RNA, na damu huvisambaza mwilini.

Mwaka 2017, timu ya Jerrold Olefsky wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, iliwapa panya wembamba eksosomu zilizotoka kwenye mafuta ya panya wanene. Miili yao ikaanza kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Walipogeuza jaribio, wakiwapa wanene eksosomu za wembamba, wanene wakapata nafuu.

Ndiyo maana watafiti wanataka kusoma shehena ya eksosomu kabla sukari haijapanda. Kipimo cha kisukari kinachotumika sasa, HbA1c, huweza kupotosha kwa wenye selimundu, jambo lisilo dogo Afrika Mashariki. Ila kuchuja eksosomu ni kazi ngumu, na maabara bado hutofautiana mbinu.