Neno «Umwangalie» Halitoshi



Mwezi uliopita tulimsindikiza mwenzetu kujifungua. Usiku, muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Alimwambia msaidizi: «Umwangalie yule mama,» akaenda. Msaidizi alimwangalia kweli: alimpa maji, akamfunika. Lakini hakuna aliyemwambia atazame damu. Dada ya mgonjwa ndiye aliyeona kitambaa kimelowa, akapiga kelele. Tunamshukuru Mungu, mwenzetu aliokoka.

Hatumlaumu msaidizi. Tukimtuma mtoto sokoni, tunamwambia anunue nini, kiasi gani, arudi saa ngapi. Muuguzi naye aseme wazi: «Kila dakika 15 tazama kitambaa. Kikilowa upesi, au mama akisikia kizunguzungu, uniite mara moja. Tumbo nitakuja kulipima mwenyewe.» Kisha msaidizi arudilie maneno hayo. Sisi walimu tunajua: mwanafunzi akijibu «ndiyo», si kusema ameelewa.

Kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka, msaidizi aliyefundishwa anaweza. Kupima hali ya mgonjwa na kuamua la kufanya ni kazi ya muuguzi. Hata akimtuma mwingine, mgonjwa anabaki mikononi mwake. Lazima apite kuona.

Nasi tunaolala hospitalini tukichunga wagonjwa wetu, tusione haya kuuliza: «Tuangalie nini? Tumwite nani?» Na vikundi vyetu viwaombe wakubwa wa hospitali waongeze wauguzi wa usiku. Tusingoje msiba ndipo tuseme.