Baiskeli ya Zamani? Ishike Kwanza, Ndipo Ulipe

Unasaka Raleigh ya zamani, ile Black Mamba kama ya babu? Tunakuelewa. Zilizoundwa Nottingham, Uingereza, bado zinapendwa sana, na matapeli wanalijua hilo.

Mchezo wao ni huu: picha safi kwenye simu, bei tamu, halafu ujumbe, “Kuna mwingine anaitaka. Tuma elfu mbili nikushikie.” Ukishatuma tu, simu inazimwa.

Kabla hujalipa, mwambie akupigie picha ya habu ya gurudumu la nyuma. Ikiwa ni Sturmey-Archer ya gia tatu, mara nyingi utakuta mwaka umegongwa hapo: 52 ni 1952. Lakini habu hubadilishwa, kwa hivyo nenda na fundi akague pia fremu na kutu.

Kutaneni mchana, mahali penye watu. Ishike, ipande, ndipo ulipe. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la muuzaji, simama hapo.

Baiskeli imengoja zaidi ya miaka 70. Itangoja hadi Jumamosi mkaionane.