Unataka Kupeleka Subaru Lodwar Hadi Kakuma? Kuinua Gari Ni Nusu Tu ya Kazi

Tobong'u Lore ikikaribia, kwa kila mbogi ya Subaru hukosi wasee wawili watatu wanaanza kuuliza swali moja: hii ndai inaweza fika Lodwar? Na ikifika, inaweza toboa hadi Kakuma? Hiyo festi ya Turkana imewapa watu wa Nairobi, Eldoret na Kitale sababu poa ya kupanda kaskazini, na kama uko na WRX imelala kwa ploti, mimi sioni mbona upande basi.

Jibu fupi: itafika. Swali la maana ni itarudi ikiwa aje.

Cheki barabara kwanza. Ukitoka Kitale, A1 inapita Kapenguria, inashuka Marich Pass, halafu Kainuk, Lokichar, ndio uone Lodwar. Ule mradi wa Lokichar hadi Nadapal, wa pesa za Benki ya Dunia, ndio ulileta lami kwa sehemu ilikuwa inaua magari. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na siku hizi si ile safari ya kubeba blanketi juu hujui utalala wapi. Sasa wasee wanaskia "kuna lami" wanadhani wanaenda Thika Road.

Shida ni ukitoka kwa lami. Kwenda Eliye Springs ni mchanga. Ndani ya Kakuma kwenyewe, kambini na upande wa Kalobeyei, ni vumbi, mawe na mitaro. Halafu kuna laga, hizi mito kavu zenye hazina maji mwaka karibu wote. Mahali hakuna daraja, unashuka hadi sakafu ya laga na unapanda upande ule mwingine, na hapo chini ndio bampa inaamua kubaki. WRX ikitoka kiwandani iko juu ya ardhi karibu sentimita 15 pekee, na hiyo ni kabla hujabeba maboyz wanne na mizigo yao.

Kwa hivyo kila mtu anakimbilia kuinua gari. Na hapa ndio wengi wanapotea, juu wanadhani nafasi ni moja. Nafasi ni mbili. Kuna nafasi ya chini ya tumbo, ile inaokoa sampu na ekzosi. Na kuna nafasi ya kuzunguka tairi, kati ya raba na madigadi, na kati ya raba na shoki. Unaweza kuongeza ya kwanza bila kugusa ya pili hata kidogo.

Kuna njia tatu za kuinua Subaru ya zamani, na kila moja inakupea kitu tofauti.

Ya kwanza ni springi ndefu na ngumu zaidi, shoki zikibaki zile zile. Gari inasimama juu, picha inatoka fiti. Lakini shoki haijabadilika urefu. Ukiruka kwa shimo na ikafika mwisho wa kubonyea, tairi inafika mahali pale pale ilikuwa inafika zamani. Kama ilikuwa inakwaruza madigadi, itazidi kukwaruza, tofauti ni haitafanya hivyo mara nyingi. Na kwa upande wa kushuka umepoteza: gurudumu likining'inia kidogo tu, shoki imeisha, na utaskia "tok" kila ukitoka kwa tuta.

Ya pili ni spesa, kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinakaa juu ya shoki, kati yake na bodi. Hii inasukuma shoki yote chini pamoja na gurudumu. Ukiweka spesa ya milimita 25, umepata karibu milimita 25 chini ya tumbo, na pia umepata nafasi kati ya tairi na madigadi hata shoki ikibonyea yote. Hiyo ni poa. Bei pia si mbaya, na ndio maana Kirinyaga Road huwezi tembea hatua kumi bila kuonyeshwa moja.

Lakini angalia kisahani. Kwa hizi Impreza, springi inakalia kisahani cha chuma kilichochomelewa kwa shoki, na hicho kisahani kiko juu tu ya tairi. Shoki imefungwa kwa habu, tairi imefungwa kwa habu. Zinasonga pamoja. Weka spesa ya sentimita 2 au ya 10, umbali kati ya tairi na kisahani hausongi hata nywele moja. Msee anainua gari, anaona madigadi imejaa hewa, anaenda kununua tairi kubwa, anafunga, na kabla atoke kwa geti ya fundi raba imeanza kuliwa na chuma. Kwa lami ya Lokichar, ukiwa kwa mia na kumi, hiyo ni tairi kupasuka.

Ya tatu ndio mimi ningechagua: shoki na springi za Forester. Impreza za bodi ya GC na GD na Forester za SF na SG ni watu wa nyumba moja, vitu vingi vinaingiliana. Shoki ya Forester ni ndefu, na kisahani chake kiko juu zaidi, juu yenyewe ilitoka kiwandani na tairi ya 215/60R16. Hapo umepata nafasi zote mbili kwa mpigo, tumbo na kisahani. Usisahau maunti za juu za nyuma za Forester pia, usije ukafika nusu ya kazi vitu vikakataa kuingiana. Kwa STI, pima kila kitu kabla utoe ganji, bolti zake na habu hazifanani na za WRX kila mwaka.

Sasa hesabu ya tairi. Hii si ngumu, toa simu. STI nyingi ziko na 225/45R17. Hiyo 45 ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya 225, yaani milimita 101. Rimu ya inchi 17 ni milimita 432. Ongeza kuta mbili, juu na chini, unapata tairi yenye kimo cha milimita 634. Chukua 215/60R16: ukuta 129, rimu 406, jumla 664. Tofauti ni milimita 30, lakini gari inapanda nusu yake, 15, juu nusu ingine iko upande wa juu wa ekseli. Hiyo nusu ya juu ndio inatafuta kisahani na madigadi.

Kama WRX yako iko na rimu za 16 na tairi za 205/55, kuna hatua ndogo ya kuanza nayo: 205/60R16. Kimo kinatoka 632 hadi 652. Umepata milimita 10 chini ya tumbo bila kufungua shoki. Ingiza kidole kati ya tairi na kisahani kabla ulipe. Kama kidole hakiingii, hiyo si saizi yako.

Ukiwa na tairi kubwa, spidomita nayo inaanza kukudanganya. Kutoka 634 hadi 664 ni karibu asilimia 5. Ikisoma 100, uko kwa 105. Polisi wa Kitale hawatataka kuskia hesabu zako.

Najua kuna msee anasema rimu ndogo zinaharibu swagga. Sawa. Lakini magari ya WRC yenyewe hutumia rimu za inchi 18 kwa lami na 15 kwa vumbi. Wanataka ukuta mnene wa raba wa kumeza mawe, na hata breki zinapunguzwa ndio rimu ndogo iingie: diski za mbele za lami ni milimita 370, za vumbi ni 300. Wewe uko na kikomo hicho hicho. STI yenye Brembo haitaki kuskia rimu nyingi za 16, kalipa inagusa. WRX ya kawaida haina hiyo shida. Angalia pia matundu ya bolti: WRX ni 5 kwa 100, STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5 kwa 114.3, na rimu ya moja haiingii kwa ingine hata ukiomba vipi. Halafu kuna ofseti, ile namba imeandikwa ET nyuma ya rimu. Ikiwa ndogo kuliko ya kiwanda, gurudumu linatoka nje. Linaenda mbali na shoki, ndio, lakini linasogelea mdomo wa madigadi.

Na kabla mtu aniambie Subaru ndogo si ya kazi ngumu, Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya 1993 na Vivio, gari ya injini ya 660. Subaru inaweza. Swali ni vile umeiandaa.

Kuna kitu kingine hakuna muuza spesa atakuambia. Kwa hizi Subaru za zamani, ukiinua nyuma, gurudumu halishuki tu. Limeshikwa na mkono mrefu unaotoka mbele, kwa hivyo likishuka linavutwa mbele pia. Utaona tairi ya nyuma haiko katikati ya madigadi tena, imeegemea upande wa mlango, na ukibeba watu inakwaruza hapo. Dawa ni vipande vya chuma vya kushusha pale huo mkono umefungwa kwa bodi. Ukizidi sentimita 3 au 4 bila hivyo, unajitafutia. Na ukienda juu zaidi ya hapo, ekseli zinaanza kukaa kwa pembe mbaya, raba za jointi zinapasuka, grisi inatoka, vumbi ya Turkana inaingia. Hapo imeisha.

Mbele, tairi hugusa nyuma ya madigadi ukikata kona yote. Kuna mshono wa bodi hapo, fundi anaugonga na nyundo ulale, halafu anapaka rangi. Plastiki ya ndani unaivuta na klipu. Si kazi ya kulia.

Utajuaje kama inagusa kabla hujafika Marich? Chaki. Paka chaki kwa plastiki za ndani, kwa kisahani na kwa mdomo wa madigadi. Jaza gari watu na mizigo ya safari yenyewe, si wewe peke yako na simu. Tafuta matuta, pita pole, kisha haraka kidogo, kata kona kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Rudi uangalie mahali chaki imefutika. Ukimaliza, alainimenti, lazima, juu kuinua kunabadilisha vile magurudumu yamesimama, na tairi mpya zitaisha upande mmoja kabla urudi home. Shusha taa za mbele pia, saa hii zinaangaza macho ya watu.

Sasa uko Lodwar. Mchanga wa Eliye unataka upunguze hewa, tairi ilale na ishike. Na ukuta wa milimita 129 unaweza shusha hadi kama 20 bila noma, lakini ule wa 101 ukipunguza hivyo rimu inauma chini. Kalle Rovanperä alikwama kwa vumbi laini ya Kedong mwaka wa 2021, na hiyo ni Toyota ya kiwanda na dereva wa kiwango cha dunia. Jembe na kompresa ndogo ya kujaza hewa ubebe. Na usipime hewa mchana tairi ikiwa moto ukadhani imezidi ukaitoa. Pima asubuhi.

Halafu miiba. Mathenge, Waturkana huiita etirae, imejaa kando ya Turkwel na Tarach, na miiba yake haijali bei ya tairi yako. Pancha utapata. Hapa ndio Subaru inakuwa tofauti na Probox: inaendesha magurudumu yote manne, kwa hivyo tairi nne lazima ziwe na kimo kimoja. Ukifunga ile spea nyembamba ya kiwanda na uendeshe kilomita 120 hadi Kakuma, difu ya katikati inapigana na yenyewe njia yote hadi ichemke. Nunua tairi tano za saizi moja, si nne. Ya tano haitaingia kwa shimo la buti vizuri, itakula nafasi ya mizigo. Wacha ile. Na usitegemee kupata 225/45R17 Kakuma. Duka za tairi huko zinahudumia Probox, Hilux na boda.

Kainuk hadi Lokichar si mahali pa kusimama jioni kufungua nati. Hiyo sehemu ina historia ya wasee wenye bunduki, panga uipite mchana na tairi ziko salama.

Na mvua ikinyesha huko milimani, laga inaweza kujaa kwako kukiwa na jua kali. Ukipata imejaa, hakuna spesa ya hiyo. Zima injini, toka nje, nunua chai kama kuna mtu anauza, na ungoje hadi lori za mbele yako zianze kuvuka.